Sentensi ya Nne na Uso wa Mama Yako

Maitu,

Wewe na mama yako mmevuka kijito kwenda kumuaga jirani yetu Kogo, na kwa jinsi ninavyomjua yule bibi, hatawaachilia kabla kibuyu cha mursik, maziwa yake ya kuganda, hakijaisha. Kwa hiyo nina alasiri nzima, meza na kalamu. Sanduku lako liko karibu na mlango, limefungwa kamba, na kila nikiinua macho naliona. Nimegeuza kiti.

Nakuita maitu, yaani mama, kama nilivyokuita tangu siku ya kwanza, kwa sababu umebeba jina la mama yangu Wangeci. Kesho asubuhi mama yangu anaenda chuo kikuu kusomea famasia. Mambo ya blanketi na chakula, ya simu na marafiki, mama yako ameshakuambia mara tatu, na mara ya nne atakuambia stendi gari likiwa linaondoka. Sitayagusa. Nina jambo moja tu, nalo ni kosa langu. Sijawahi kuliandika mahali popote, ingawa unajua nimeandika karibu kila kitu.

Naandika kwa Kiswahili, siyo kwa Gikuyu ya jikoni kwetu, kwa sababu kosa lenyewe nililifanya kwa Kiswahili, mbele ya watu wa kila kabila. Acha nilikiri kwa lugha ile ile.

Nianze na juzi. Ulikuta karatasi zangu hapa mezani: ombi letu kwa bunge la kaunti, lenye saini za wakulima wa vituo vyetu vya majani ya chai, linalotaka krimu za kujichubua ziondolewe sokoni. Alhamisi nitasimama mbele ya kamati ya afya kulitetea. Ulilisoma ukiwa umesimama, kikombe mkononi. Sentensi ya kwanza uliikubali kwa kichwa, na ya pili, na ya tatu. Ulipofika ya nne ukaweka kikombe chini.

"Baba, hii umeiandika ukiwa macho?"

"Ipi?"

"'Hospitali na zahanati za kaunti zisiweke wala kumpa mtu yeyote dawa ya kung'arisha ngozi, kwa sababu yoyote ile.' Hapa umeandika mama asitibiwe."

"Mimi naandika sheria. Siandiki kadi ya kliniki."

"Sawa. Basi nikirudi likizo nitaiuliza hiyo sheria uso wa mama uko wapi."

Nilikujibu vibaya. Nilikuambia hata geti la chuo hujaliona na tayari unawatetea wauza sumu. Ulichukua kikombe ukaenda kuosha vyombo, na kwa jinsi sufuria zilivyogongana nilijua bado unanijibu.

Sasa nisikilize. Hasira yangu juu ya krimu hizi ina mwanzo wake, na nataka uujue kabla ya kosa, kwa sababu hasira yenyewe siitubu. Mama yangu, huyo uliyemrithi jina, alipofika huku kutoka Murang'a alichuma chai ya mashamba makubwa. Alikuwa mweusi wa kung'aa, kama chungu kilichotoka motoni. Nyapara wao alikuwa na mtindo wake: wasichana weupe weupe aliwapa kazi za kivulini, kufagia ofisi na kuchambua majani chini ya paa. Weusi walikwenda mistari ya mbali. Siku moja mama aliomba naye akae kivulini kwa sababu alikuwa na homa. Nyapara akamwambia, "Wewe jua limeshakumaliza. Halina kitu cha kukuongezea." Mama alikuwa akisimulia hayo akicheka mpaka anashika mbavu. Mimi sijawahi kucheka.

Na bado naiona ile dharau kila mahali. Mtoto akizaliwa, wanawake wanafunua shuka kuangalia rangi kabla ya kuhesabu vidole. Unakumbuka kamati ya harusi iliyonifukuza? Niliuliza tu kwa nini bibi harusi kwenye kadi ni mweupe kuliko bibi harusi aliyekuwa ameketi mbele yangu akila maandazi. Nimesoma vitabu juu ya jambo hili mpaka rafu imepinda. Nimeandika magazetini, nimepiga kelele redioni. Nikifa mniandikie kaburini kwamba nilikuwa mgomvi, lakini mseme pia nilikuwa na sababu.

Sababu nzuri ilinifanya mjinga. Hapo ndipo kosa linapoanzia.

Baada ya kuzaliwa ndugu yako wa mwisho, mama yako alianza kuota madoa usoni. Mashavuni, kwenye paji, juu ya mdomo, ya rangi ya kahawa iliyomwagika. Daktari anayaita melasma. Hapa wanasema tu madoa ya uzazi, yatakwisha. Hayakwisha. Watu wetu hudhani jua ni la bondeni, kule Soin kwenye joto. Huku juu tunatetemeka asubuhi, tunavaa sweta, ukungu ukiondoka tunaingia kwenye majani chai vichwa wazi. Hatujui kwamba jua la mlimani linachoma uso hata mgongo ukisikia baridi. Kila msimu wa kuchuma sana, madoa ya mama yako yaliiva.

Alikwenda peke yake kwa daktari wa ngozi, yule mama anayekuja hospitali ya kaunti mara moja kwa mwezi. Hakuniambia. Mke wangu alikwenda kutibiwa uso na akaona afadhali mumewe asijue. Hilo peke yake lingenifundisha kitu, kama ningekuwa mtu wa kufundishika.

Nililigundua dirishani, nyuma ya miswaki. Tyubu ndogo ya krimu. Ubavuni ilibandikwa karatasi ya hospitali yenye jina lake lote, na chini yake maagizo: apake jioni, kwenye madoa tu, kiasi cha punje ya njegere, mchana mafuta ya kukinga jua na kofia pana, arudi baada ya wiki nane. Hayo yote nilikuja kuyajua baadaye. Siku ile macho yangu yaliruka maagizo, yakaruka jina la mama yako, yakatua kwenye orodha ya vilivyomo. Haidrokwinoni. Jina hilo la kemikali ya kung'arisha ngozi nililijua kama mtu anavyolijua jina la mwizi wa ng'ombe wake. Nilikuwa nimelichapisha kwenye vipeperushi kwa herufi kubwa.

Nikaitia mfukoni.

Wewe ulikuwa bweni, kidato cha pili, kwa hiyo hukuona. Na watu wa hapa hawamwambii mtoto aibu ya baba yake, kwa hiyo najua hakuna aliyekusimulia. Ilikuwa siku ya kupeleka majani. Lori la kiwanda lilikuwa limechelewa, kituo kimejaa, na mwenyekiti akaniomba niwaongeleshe watu wasichoke. Nikapanda kwenye kile kijukwaa cha saruji karibu na mizani. Nilizungumza vizuri, maitu. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Nilipofika kileleni nikaitoa ile tyubu nikaiinua juu.

"Mnaona hiki? Sikukiokota sokoni. Nimekitoa nyumbani kwangu mwenyewe."

Mtu nyuma akapaza sauti, "Baba Wangeci, kumbe ni wewe unapaka?"

Watu wakaangua kicheko. Ningecheka nao, nikashuka, yakaisha. Lakini mimi siwezi kuachiwa neno la mwisho na mtu aliye nyuma ya umati.

"Si mimi," nikasema. "Mwenyewe anajijua."

Vichwa vyote viligeuka upande mmoja. Mama yako alikuwa kwenye meza ya kuchambulia, kikapu kimemwagwa mbele yake, anatoa majani magumu na vijiti kama kila mtu. Hakuinua kichwa. Aliendelea kuchambua, jani baada ya jani, na nikaona anatupa chini hata majani mazuri, majani mawili na chipukizi, yale laini kabisa. Mikono ilikuwa inafanya kazi na yeye hayupo.

Nikaenda nyuma ya kituo nikaitupa tyubu chooni. Wakanipigia makofi.

Kogo peke yake hakupiga. Alinisubiri nikirudi, amekalia kikapu chake tupu.

"Baba Wangeci, karani akitaka kukataa majani, hufanya nini kwanza?"

"Huyamwaga mezani, Kogo."

"Ehe. Huyamwaga. Huyapekua kwa mkono. Anauliza haya ya nani, yamechumwa lini. Wewe leo umekataa kikapu kikiwa bado mgongoni mwa mtu."

"Kogo, haya ni mambo ya sayansi."

"Haya," akasema. "Sayansi imekusikia."

Tulipofika nyumbani mama yako alisema maneno machache, na hakuyarudia tena kwa miaka. "Ile dawa ilikuwa na jina langu. Umelitupa chooni."

Ningekuwa nimeishia hapo, ningekuwa nimemuaibisha mke wangu tu, jambo ambalo wanaume wengi hulifanya na kusamehewa bila kuomba. Lakini sikiliza kilichofuata, kwa maana hiki ndicho utakachokutana nacho kila siku ukiwa nyuma ya kaunta.

Mama yako hakurudi kwa daktari. Angesema nini? Kwamba dawa imeingia chooni kwa mkono wa nani? Kanisani mwanamke mmoja alimwegemea akamuuliza, kwa sauti ya urafiki, siku hizi anapaka ya aina gani. Madoa yaliyokuwa yameanza kufifia yakarudi, safari hii meusi zaidi. Halafu siku moja akaniambia anashuka Soin kutafuta mtama wa uji. Hapa petu mtama upo. Sikuuliza.

Alikwenda mahali ambapo hakuna aliyemjua. Alipata kibanda chenye ndoo, na mwenye ndoo akamchotea kwa kijiko, akamtilia kwenye kopo kuukuu la siagi. Hakuna jina, hakuna orodha, hakuna tarehe. Muuzaji hakumuuliza kama ananyonyesha, wala kama ana ugonjwa wowote, wala madoa yalianza lini. Mama yako ameniambia kwamba hilo ndilo lililompendeza. Alikuwa amechoka kuulizwa.

Na kile kitu kilifanya kazi. Ndani ya wiki chache uso ulitakata. Niliuona nikafurahi. Nilimwambia, kwa kinywa hiki hiki, "Unaona? Nilikuambia utapona wenyewe." Na mkutano uliofuata, maitu, nilisema, "Mtazameni mke wangu. Hapaki kitu."

Kaa na hayo kidogo kabla hujaendelea. Mimi nimekaa nayo muda mrefu.

Kilichofuata ulikiona mwenyewe. Ulirudi likizo ya Aprili ukiwa kidato cha tatu, ukamkuta hawezi kusogea karibu na jiko kwa sababu moto ulimchoma uso kutoka mbali. Ngozi imekuwa nyembamba kama ya kitunguu, mishipa myekundu inaonekana, vipele kidevuni. Akiacha kupaka siku mbili, uso unawaka, kwa hiyo anapaka tena. Na kwenye mifupa ya mashavu palianza weusi mwingine, wa bluu ya majivu, usiofanana na madoa ya kwanza. Ulilipata kopo ndani ya kikapu cha majani, limeviringishwa kwenye aproni ya plastiki.

"Mama, hii inaitwa aje?"

"Haina jina."

"Basi usiipake mpaka ipate."

Nilikuwa mlangoni. Nilisikia. Nilijivunia ulimi wako, nikajua umeutoa kwangu, nikajua pia kwamba wewe umeutumia vizuri kwa sentensi moja kuliko mimi kwa mikutano yote.

Mlipokwenda hospitalini niliwafuata nikakaa kiti cha pembeni. Unakumbuka daktari alivyosema. Kwamba kopo kama hilo huwa na dawa kali za steroidi ambazo hazikutengenezewa uso, wakati mwingine na zebaki, na haidrokwinoni isiyojulikana kipimo, na kwamba mtu akipaka hiyo miezi na miezi bila kusimamiwa, badala ya kung'aa ngozi inaweza kuweka weusi wa bluu ambao hauondoki kirahisi. Kwamba dawa yake yeye ilikuwa na kipimo kilichoandikwa, ya muda mfupi, na alipanga kuisimamisha mwenyewe. Halafu akauliza, "Mama, ulianza vizuri. Nani alikuambia uache?"

Mama yako akasema, "Niliamua mwenyewe."

Ulimtazama yeye. Hukunitazama mimi. Nilikuwa na kinywa ambacho kimejibizana na wabunge, na hakikufunguka. Tyubu ile niliitupa nikiwa nimewaka, na mtu aliyewaka huona kidogo. Siku ile ya hospitali nilikuwa nimetulia kabisa, naona kila kitu, na nikanyamaza. Kosa langu kubwa ni hilo la pili.

Mlipoenda dirisha la dawa nilimfuata daktari koridoni nikamwambia yote. Alinisikiliza akiandika. Akasema, "Mzee, mimi na wewe tunapigana na kopo moja. Lakini ulianza kwa kunipokonya rungu."

Sasa utauliza, na una haki: kama nilijua yote hayo, kwa nini niliiandika sentensi ya nne? Tangu juzi najiuliza hilo hilo, na nimepata majibu mawili.

La kwanza ni hoja, na si hoja ya kipuuzi. Nilifikiri tukiwaachia madaktari mlango, wauza sumu watapita humo humo. Yapo maduka ya dawa yanayouza tyubu za daktari bila karatasi ya daktari, kama peremende. Unayajua. Wako watakaobandika kwenye ndoo jina la hospitali ambayo haipo. Basi nikaona afadhali kufunga mlango wote na kutupa ufunguo. Lakini mwenye akili huhesabu walio ndani kabla ya kufunga. Mama yako yuko ndani. Dawa anayopewa leo hospitalini, ile ya kufanya kazi taratibu isiyo na haidrokwinoni, bado inaitwa ya kung'arisha, na sentensi yangu ingeiondoa rafuni pamoja na zingine. Na mwanamke mwenzake mwenye madoa, anayechuma mstari wa pili, akifukuzwa hospitalini hatakwenda nyumbani kulala. Atashuka Soin.

Jibu la pili ni la aibu. Maadamu karatasi ilisema kila dawa ya namna hiyo ni sumu, mimi sikuwa nimekosea pale kituoni. Sentensi ya nne ilikuwa wakili wangu. Niliwaomba watu wote wale watie saini ili wanisaidie kutokumbuka. Mama yako peke yake alikataa, na nilipoulizwa kwa nini jina lake halipo nilisema alisahau.

Muuzaji wa ndoo hahitaji tangazo, maitu. Mimi nilimtangazia biashara. Kila mtu anayemcheka mwanamke kwa sababu ya alichopaka anampeleka mteja kwa yule ambaye hacheki. Nilidhani napigana na dharau ya yule nyapara aliyemwambia mama yangu jua limemmaliza, kumbe nilikuwa nimesimama kwenye jukwaa lake, naonyesha kidole uso wa mwanamke mbele ya watu.

Kwa hiyo atakapokuja kwako mwanamke amejifunika kitambaa mpaka machoni, anauliza bei ya sabuni huku anaangalia rafu nyingine, mpe kiti kwanza. Muulize anatumia nini sasa hivi, kwa sauti ile ile unayoulizia habari za watoto. Akikudanganya, usimkemee, amekwisha kukemewa na mtu kama baba yako. Mwambie alete kopo ulione. Na asipokuwa na karatasi ya daktari, usimuuzie, hata akulilie, hata tajiri wako akukasirikie. Hapo uwe mgomvi kama mimi. Nakuruhusu.

Na ukisikia mtu msomi anazungumza vizuri, anapigiwa makofi, na kila neno unakubaliana nalo, angalia mikono yake ameshika nini, na jina la nani limeandikwa juu yake.

Leo asubuhi, ulipokuwa unapanga vitabu, nilimfuata mama yako shambani. Alikuwa amevaa ile kofia pana tunayomcheka nayo. Nilimwambia nataka kukuandikia yote, na Jumanne, kabla ya Alhamisi, nataka kupanda kile kijukwaa cha kituo niwaambie watu waliotia saini kwamba niliinua dawa ya mgonjwa nikaiita adui, na kwamba ombi limebadilika, na asiyelitaka aondoe jina lake.

Hakuacha kuchuma. "Utanitaja?"

"Ukikubali."

"Na nikikataa?"

"Nitajitaja mimi tu."

Akachuma mpaka mwisho wa mstari, akarudi. "Mtoto mwambie. Kituoni nitakuja mwenyewe. Nitasimama pale mezani pale pale. Lakini utamwaga kikapu chako kwanza, mimi nikiangalia. Ukianza kutafuta makofi nitaondoka."

"Sitatafuta."

"Utatafuta. Wewe ni wewe. Lakini jaribu."

Nilimsomea sentensi mpya hapo hapo, katikati ya majani. Nilikuwa nimeandika kwamba dawa ya ngozi iliyoandikwa na daktari iendelee kutolewa hospitalini, kwa jina la mgonjwa, kwa muda uliopangwa, na mgonjwa arudi kuangaliwa. Kwamba tyubu hizo zisiuzwe dukani bila karatasi. Kwamba kopo lisilo na jina wala orodha ya vilivyomo lisiuzwe popote, na wakaguzi wa masoko wafike mpaka bondeni, tena si mara moja kwa ajili ya kamera. Na kwamba waadhibiwe muuzaji na mtumiaji.

Aliomba kalamu. Akaiweka karatasi juu ya paja, akakata maneno mawili ya mwisho.

"Mtumiaji ameshaadhibiwa," akasema.

Kisha akatia saini. Jina lake lote, kama lilivyokuwa kwenye ile tyubu.

Sitakuficha: naogopa Jumanne kuliko Alhamisi. Kamati ni watu wa suti, nimezoea. Kituoni kuna watu walionipigia makofi, na hakuna kitu kigumu kama kwenda kumrudishia mtu makofi yake. Yule aliyepaza sauti nyuma atakuwepo, na atakuwa na la kusema, na nimeamua safari hii nitamwachia neno la mwisho. Nitakwenda. Nitapanda. Wakinishusha nitapanda kesho yake. Umri huu nimegombana na kila mtu isipokuwa mimi mwenyewe, na nimegundua ni mpinzani mzuri, maana najua anapojificha.

Barua hii sitaitia sandukuni uikute ukiwa mbali. Hiyo ni kazi ya waoga, na nafasi yangu ya uoga niliitumia yote pale hospitalini. Nitakupa mkononi ukirudi kwa Kogo, uisome hapa mezani mimi nikiwa nimekaa mbele yako. Ukitaka kunigombeza, nigombeze ukiwa bado chini ya paa langu. Ukitaka kunyamaza, gonganisha sufuria, nitaelewa.

Pamoja na barua nimeweka ombi jipya. Umetimiza miaka kumi na minane, una kitambulisho, sauti yako ni halali kama yangu. Nafasi ya pili, chini ya jina la mama yako, nimeiacha wazi. Langu litakuwa la tatu, au la mwisho kabisa, mtakavyoamua nyinyi wawili. Usitie saini kwa sababu ni baba amekuomba. Mwaga kwanza mezani, upekue kwa mkono, na ukipata jani gumu humo ndani, lichomoe unionyeshe.

Mbwa amekimbilia njiani anatikisa mkia. Mmefika. Kalamu naiacha juu ya karatasi.

Baba yako